UZI: Urefu 165, kilo 70, naambiwa nina uzito uliozidi. Hii BMI inapima nini hasa?

#1 Mshumaa wa Korogwe

Wakuu, habari za muda huu.

Kazini kwetu walikuja watu wa afya wakatupima bure: presha, sukari, uzito na urefu. Mimi ni mwanaume, miaka 38. Presha 122 kwa 78, sukari kabla ya kula 5.1. Nikajiona simba. Kufika meza ya mwisho, dada akabonyeza kikokotoo, akaandika BMI 25.7, akaizungushia duara na pembeni akaweka maneno "uzito uliozidi". Nikamuuliza uliozidi nini? Akanijibu, uliozidi 25. Foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, nikapisha wengine.

Sasa nyumbani mama watoto anasema nimekonda tangu nihamishiwe kituo kipya. Mama mkubwa nikienda kumsalimia ananipakulia sahani ya watu wawili kwa huruma. Karatasi nayo inasema nimezidi. Nani mkweli? Na hiyo 25 aliichagua nani, kwa nini isiwe 24 au 27? Wajuzi karibuni. Siulizi kwa ajili yangu tu, ofisi nzima imetaharuki, kuna jamaa kasusa chapati za saa nne.

#2 Kibatari

Ngoja wataalamu waje. Nimekaa siti ya mbele, maandazi mkononi.

#3 Mwalimu wa Zamu

Mkuu Mshumaa, tuanze na hesabu, maana nusu ya ugomvi wa BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) unatokana na watu kukosea kugawanya. Unachukua kilo zako, unagawa kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, na urefu uwe kwa mita, si sentimita. 1.65 mara 1.65 unapata 2.7225. Sabini gawa kwa hiyo, 25.7. Dada hesabu yake iko sawa.

Kwa urefu wako, mstari wa chini wa uzito wa kawaida (18.5) ni kama kilo 50, mstari wa juu (24.9) ni karibu kilo 68. Maana yake umevuka kwa kilo mbili tu. Ulipimwa na viatu? Ulikuwa umeshakula mchana? Simu na funguo zilikuwa mfukoni? Na huo urefu walikupima au walikuuliza? Nauliza kwa sababu ukiwa kilo zilezile 70 lakini urefu wako halisi ni 167, unapata 25.1. Ukiwa 163, unapata 26.3. Kosa la urefu linaumiza kuliko la uzito kwa kuwa urefu unazidishwa kwa wenyewe.

Aliyeanzisha kanuni hii wala hakuwa daktari. Ni Mbelgiji Adolphe Quetelet, mtu wa hesabu na nyota, miaka ya 1830. Alikuwa anakusanya vipimo vya watu wengi ili apate picha ya "mtu wa wastani", akaona kuwa kwa watu wazima uzito unapanda kwa kufuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa anatafuta nani mnene nani mgonjwa.

Karne iliyofuata kampuni za bima ya maisha Marekani, hasa Metropolitan Life miaka ya 1940, zikatoa majedwali yao ya uzito na urefu kwa kuangalia wateja gani wanakufa mapema. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake wakachukua vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakashindanisha kanuni mbalimbali na unene wa mafuta chini ya ngozi. Ya Quetelet ikaonekana haizidiwi na nyingine, na ni rahisi. Hapo ndipo jina BMI lilipopatikana. Angalia neno "wanaume" hapo juu. Wanawake hawakuwemo.

#4 Ngosha wa Ziwani

Basi umemaliza kila kitu, mwalimu. Kipimo cha Wazungu, tena kimepimwa kwa wanaume tu, halafu kinaletwa kumtisha Msukuma wa watu anayelima kwa jembe la mkono. Mimi nina 28 na sijawahi kulazwa. Suruali yangu ni saizi 34 tangu nioe na mpaka leo ni 34. Hiyo karatasi funikia mihogo.

#5 Mkimbiaji wa Iten

Ngosha, nakuunga mkono nusu. Huku kwetu Kenya tunaona pande zote mbili. Eliud Kipchoge anaandikwa urefu wa mita 1.67 na kilo 52. Piga hesabu, ni 18.6, bado kidogo tu aitwe mwenye uzito pungufu, na huyo ndiye aliyekimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna mwaka 2019. Upande wa pili weka Jonah Lomu wa raga, mita 1.96 na kilo 119 enzi zake. Unapata karibu 31, yaani "unene uliokithiri", na mtu huyo akikujia mbio unahama uwanja. Mizani haijui kilo ipi ni msuli na ipi ni mafuta. Lakini tuambiane ukweli, hapa jukwaani ni wangapi wana mwili wa Lomu?

#6 Kibatari

Mimi ninao. Umejificha ndani ya huu wa sasa.

#7 Nesi wa Wodi ya Tatu

Habari zenu. Niko kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, hospitali ya wilaya. Nimesoma juu mpaka chini, kuna mengi ya kweli na kuna sehemu mtajipoteza.

Kwanza hiyo 25. Marekani mpaka mwaka 1998 walikuwa wanahesabu uzito uliozidi kuanzia takriban 27.8 kwa wanaume na 27.3 kwa wanawake. Mwaka huo wakashusha mpaka 25, sawa na namba za Shirika la Afya Duniani. Mamilioni walilala wakiwa sawa, wakaamka wamezidi, bila kuongezeka hata gramu. Kwa hiyo ndiyo, namba ile ilichaguliwa na watu mezani. Ila hawakuiokota barabarani. Ukichukua watu wengi sana, hatari ya sukari na presha inaanza kupanda hapo katikati ya ishirini na inaendelea kupanda. Ni mteremko, si ukingo wa shimo. Mwenye 24.8 na mwenye 25.2 hawana tofauti yoyote ninayoweza kuiona kliniki. Mwenye 25 na mwenye 34, tofauti naiona kila Jumanne.

Pili, suala la "ni ya Wazungu". Mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubali kwamba watu wa Asia wanapata sukari wakiwa na namba ndogo zaidi, wakawaongezea alama za tahadhari, 23 na 27.5. Sisi wa kusini mwa Sahara hatukupewa zetu. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilipotoa vipimo vya kiuno kwa makabila mbalimbali ya dunia, Waafrika tuliambiwa tutumie vya Ulaya mpaka takwimu zetu zipatikane. Ngosha, hapo hoja yako ina mashiko. Lakini angalia mantiki: kipimo kutotengenezwa kwako hakumaanishi kinakosea kwa kukuonea. Kwa Wahindi kilikuwa kinakosea kwa kuwapendelea.

Tatu, suruali. Suruali ya mwanaume wa kwetu inakaa chini ya kitambi. Kitambi kinakua, kinaning'inia mbele, mkanda unashuka, saizi inabaki 34 mpaka siku ya kuzikwa. Usinipe saizi ya suruali. Chukua futi ya fundi cherehani, ile laini. Vua shati. Tafuta kwa kidole ubavu wa mwisho chini kabisa, halafu tafuta kichwa cha mfupa wa nyonga, upande uleule. Katikati ya hivyo viwili ndipo unapozungushia futi, ikiwa sambamba na sakafu. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani kama unapigwa picha, soma.

Kwa mwanaume, sentimita 94 na kuendelea hatari imeanza, 102 ni kubwa. Mwanamke ni 80 na 88. Kitambi wanakiita kiribatumbo siku hizi, na sababu ya kukihofia ni kwamba mafuta ya ndani, yale yanayozunguka ini na utumbo, ndiyo yanayovuruga sukari na presha. Ya mapajani na makalioni hayana fujo hiyo. Dada zangu wenye nyonga pana pumueni kidogo.

#8 Bint Pangani

Nimepumua.

#9 Mzee wa Feri

Vijana mnajisumbua. Enzi zetu tuliambiwa chukua urefu wako kwa sentimita, toa mia, kilo zisizidi hapo. Sentimita 172, kilo 72. Kwisha. Hakuna kugawanya wala kuzidisha.

#10 Mwalimu wa Zamu

Shikamoo mzee. Hiyo kanuni wanaihusisha na Mfaransa Paul Broca, daktari wa upasuaji wa karne ya 19. Nimeijaribu sasa hivi na kusema kweli si mbaya. Mtu wa 165 inampa kilo 65, ambayo ni BMI 23.9. Wa 155 inampa 55, ni 22.9. Wa 185 inampa 85, ni 24.8. Wote wamo ndani. Kwa mtu wa kawaida sokoni asiye na kikokotoo inatosha kabisa. Shida yake inakupa paa tu, haikupi sakafu. Haikwambii ni kilo ngapi ni chache mno.

Kuna kasoro nyingine ya BMI ambayo watu wa hesabu wanaipigia kelele. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar aliyechaguliwa namba mbili NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, mwaka 2009, alikuwa anaandikwa mita 2.21 na kilo 119. BMI yake 24.4. Sasa chukua mama wa mita moja na nusu, kilo 55. Naye 24.4. Yule mrefu kama nguzo na huyu mfupi wamepewa namba moja. Mwaka 2013 mtaalamu wa hesabu wa Oxford, Nick Trefethen, akapendekeza ugawe kwa urefu kwa kipeo cha 2.5 badala ya 2, halafu uzidishe kwa 1.3. Nimepiga: Thabeet anashuka mpaka 21.3, mama anapanda mpaka 25.9. Yaani BMI ya kawaida inawasema sana warefu na kuwaficha wafupi. Haijachukuliwa mahospitalini, ila kama wewe ni mfupi ujue.

#11 Mshumaa wa Korogwe

Nimerudi na futi ya jirani. Nimepima kama nesi alivyoelekeza, mama watoto ndiye aliyesoma namba. 89. Kwa hiyo niko chini ya 94. Nimeshinda, si ndiyo?

#12 Nesi wa Wodi ya Tatu

Usiende kununua chapati bado. Mwaka 2022 taasisi ya miongozo ya tiba ya Uingereza, NICE, ilitoa ushauri mwepesi kuliko wote: kiuno kisifike nusu ya urefu wako. Hauangalii kama wewe ni mwanaume au mwanamke, wala hauhitaji mizani. Nusu ya 165 ni 82.5. Wewe una 89. Gawa 89 kwa 165, unapata 0.54. Wao wanasema 0.5 mpaka 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na zaidi imeongezeka sana.

Ile 94 inamfaa mwanaume mrefu. Kwa mfupi ni kanzu kubwa, inaficha. Kwa hiyo kwako BMI ilinong'ona na kiuno kimejibu. Presha na sukari yako ni nzuri, leo huumwi kitu. Mama watoto naye simbishii: inawezekana mashavu na mikono vimepungua kwa kuwa misuli imepungua, kazi mpya ni ya kukaa? Misuli ikipungua na tumbo likikua, mizani inaweza kuonyesha kilo zilezile.

#13 Mshumaa wa Korogwe

Ni ya kukaa. Zamani nilikuwa nazunguka vituoni kwa pikipiki na miguu, sasa niko dirishani nagonga mihuri. Aisee.

#14 Ngosha wa Ziwani

Nesi, umenigusa kwenye suruali, nikiri. Sijapima na sipimi leo. Ila nikuulize: ina maana hospitali bado mnatumia BMI wakati mnajua yote haya?

#15 Nesi wa Wodi ya Tatu

Tunatumia kwa sababu mizani na ubao wa urefu vipo kila zahanati, na mtu havui nguo mbele ya mtu. Januari 2025 kamisheni ya jarida la Lancet ilisema wazi kuwa BMI peke yake isitumike kumwandikia mtu ugonjwa wa unene. Iongezwe kipimo cha kiuno au cha mafuta yenyewe, halafu uangalie kama viungo vimeshaanza kuathirika: magoti, pumzi, ini, moyo, sukari. Wakatenganisha mwenye unene ambao tayari umeleta ugonjwa na mwenye unene ambao bado haujaleta. Chama cha madaktari wa Marekani nacho mwaka 2023 kiliwaambia wanachama wake wasiitegemee peke yake. Kwa hiyo duara lile kwenye karatasi lilitakiwa kuwa mwanzo wa maongezi. Foleni ndiyo iliyoyakata.

#16 Mama wa Mapacha

Jamani nisaidieni, nimeingiwa na hofu. Nimesoma uzi nikawapiga hesabu wanangu wa miaka sita. Kulwa ana kilo 20, urefu 115. Nimepata 15.1! Si wanasema chini ya 18.5 ni utapiamlo? Anakula vizuri tu na ni mtundu kupindukia.

#17 Nesi wa Wodi ya Tatu

Mama, rudisha roho. Hizo 18.5 na 25 ni za watu wazima pekee. Mtoto wa miaka sita mwenye 15 na ushei yuko katikati kabisa ya wenzake. Kwa watoto wa miaka 5 mpaka 19 kuna chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2007 zinazoangalia BMI kwa umri na jinsia, maana mwili wa mtoto unabadilika: anazaliwa, ananenepa, anakonda akianza kukimbia, ananenepa tena akikaribia kubalehe.

Walio chini ya miaka mitano tunatumia kadi ya kliniki na uzito kwa urefu wake. Vijijini kuna ule utepe wa rangi wa mkononi, kuanzia miezi sita mpaka kabla ya miaka mitano. Ukisoma chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali, mtoto anaenda kituoni siku hiyohiyo. 11.5 mpaka 12.5 ni njano. Na akivimba miguu yote miwili, sahau utepe, mpeleke hata kama rangi ni kijani.

#18 Bint Pangani

Na mjamzito je? Niko mwezi wa sita, mizani kila mwezi inapanda, mama mkwe anashangilia.

#19 Nesi wa Wodi ya Tatu

BMI yako ya maana ni ile ya kabla ya mimba au ya hudhurio la kwanza la mapema. Ya sasa usiihesabu, ndani kuna mtoto, kondo, maji na damu ya ziada. Mwongozo wa Marekani wa 2009 unasema aliyeanza akiwa kati ya 18.5 na 24.9 aongeze kilo 11.5 mpaka 16 kwa mimba ya mtoto mmoja, aliyeanza na 30 na kuendelea aongeze 5 mpaka 9. Ukiona kilo zimeruka ghafla ndani ya wiki, na uso au mikono imevimba, usisubiri tarehe ya kliniki, wakapime presha na mkojo.

#20 Mzee wa Feri

Kuna kitu mnakizunguka. Watu wa umri wangu hawaogopi kunenepa, wanaogopa kukonda. Mmesahau miaka ile? Uganda ugonjwa wenyewe uliitwa Slim kabla watu hawajazoea jina la Ukimwi. Mtu akipungua kilo tano, mtaa mzima unamhesabia siku. Ndiyo maana ukimwambia mtu "umenenepa" anasema asante. Huyo mama mkubwa wa Mshumaa na sahani yake ya watu wawili, mimi namwelewa.

#21 Kibatari

Mzee leo umeongea. Hata mimi nilipojaribu kupunguza, shangazi aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima.

#22 Nesi wa Wodi ya Tatu

Mzee, shikamoo. Umesema kitu ambacho sisi wa afya tunakisahau tukibandika mabango ya kitambi. Na shangazi yake Kibatari hakukosea kuuliza, ila aliuliza kwa kunong'ona. Kupungua bila kukusudia ni dalili hata kama BMI yako bado iko 27. Kwenye maswali ya kuchuja kifua kikuu tunauliza manne: kikohozi, homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Sukari iliyopanda nayo inakondesha, na kiu na mkojo mwingi juu yake. Kwa hiyo usiangalie tu uko kundi gani, angalia ulikuwa wapi miezi sita iliyopita. Anayejua kilo zake za mwaka jana ananirahisishia kazi kuliko anayejua BMI yake ya leo.

#23 Mtoto wa Stendi

Hapo kwenye kilo za mwaka jana, tahadhari. Mizani za pale stendi, ile ya kupanda juu ya kokoto, ukisogeza mguu unaongezeka kilo mbili. Mimi nimeshapima mbili tofauti asubuhi moja zikanipa watu wawili tofauti. Mizani moja, sakafu ngumu, asubuhi kabla ya kula. Zuliani usipandishe mizani, inadanganya.

#24 Mjukuu wa Bibi

Naomba kuuliza la mwisho kwangu. Naishi na bibi, ana miaka themanini na kitu, mgongo umepinda, hasimami wima. Kliniki wanaandika urefu wa kukadiria na wanatoa BMI 24, wanasema safi. Mimi ninayemwogesha naona mifupa. Huo urefu nautoaje?

#25 Nesi wa Wodi ya Tatu

Umeona sawasawa, na macho yako niyaamini kuliko hiyo 24. Mzee akipinda anafupika, urefu mdogo unapandisha BMI, na misuli iliyokwisha haionekani kwenye namba.

Mkalishe, nyoosha mkono wake mmoja pembeni usawa wa bega. Pima kwa futi kutoka kwenye kishimo kilicho chini ya koo, katikati, mpaka kwenye ncha ya kidole cha kati. Zidisha kwa mbili upate upana wa mikono yote. Kwa mita, zidisha kwa 0.73 kisha jumlisha 0.43, huo ndio urefu wa kukadiria unaofaa. Mfano mkono ukiwa sentimita 80, upana ni 1.60, urefu unatoka kama 1.60.

Halafu pima ndama ya mguu mahali palipo panene zaidi, akiwa amekaa, mguu umekunjwa kwenye goti. Ikiwa chini ya sentimita 31, waambie kliniki namba hiyo na uwaombe wamwangalie lishe. Na muulize bibi meno yanamruhusu kula nini, wengi tunahangaika na vipimo kumbe ugali haumpiti.